Mhina wa uani na majani yanayogeuka manjano

Kila Iddi inapokaribia, maswali yanayoletwa mbele ya kamati yetu huacha mambo ya mirathi na michango, yakahamia kwenye mihina. Kina mama wa hapa Singida hulalamika kuwa majani yamekuwa ya manjano na yanapukutika, au kuwa mti umestawi lakini hina yake haikolei, au hautoi maua. Nasi hatulioni jambo hili kuwa dogo, kwa kuwa mti wa uani ukishindwa, watu hukimbilia piko la dukani.

Tuanze na umanjano. Mhina ni mti wa nchi kavu. Huvumilia jua na ukame kuliko maji yaliyotuama. Lakini katika nyua nyingi hupandwa pale yanapomwagikia maji ya udhu, kwa nia njema ya kutoyapoteza. Basi mara tano kwa siku mizizi huloweshwa, hukosa hewa, na hatimaye huoza. Kwenye kichanga maji hupita. Kwenye udongo mweusi wa mbugani hukaa. Mfereji na uchepushwe, na mti usimwagiliwe mpaka udongo wa juu ukauke. Mbolea haiponyi mzizi uliooza. Ama majani yanayopukutika Juni na Julai, wakati wa baridi na upepo wetu, hayo yasimtie mtu haraka ya kushika jembe.

Hina isiyokolea aghalabu ni ya mti uliowekwa kivulini mwa mwembe. Rangi hutokana na jua na joto, na majani machanga ndiyo yenye rangi nyingi. Kwa hiyo matawi hukatwa ili yachipue upya. Hapa ndipo lilipo jibu la wanaokosa maua: ua la mhina hutoka nchani mwa tawi, na anayekata ncha kila mwezi hawezi kudai harufu. Upande mmoja uachwe bila kukatwa. Majani yaliyochumwa yakaushwe kivulini, yasagwe na kuchekechwa, wala yasikae mwaka mzima kwenye kopo.

Turejee kwenye piko. Hina halisi hutoa rangi ya chungwa inayoiva kuwa hudhurungi. Haigeuki nyeusi kwa dakika chache. Weusi huo aghalabu hutokana na kemikali ya kupakia nywele iitwayo PPD, ambayo ikipakwa kwenye ngozi huweza kuleta malengelenge na makovu, na mwili ukishaikataa mara moja, huendelea kuikataa maisha yote. Wazazi wasikubali mabinti wao wachorwe nayo kwa kuambiwa tu kuwa ni hina nyeusi.

Na watoto wachanga wasipakwe hina yoyote, hata ile safi ya uani. Wapo wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, nao hupatikana sana katika nchi zenye malaria kama yetu; kwao hina huweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Nyayo za mtoto wa siku saba ziachwe kama zilivyo.

Anayetaka kuanza upya akate kijiti cha urefu wa shubiri, akichomeke mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, mahali penye jua. Akizungushie miiba pia, maana mbuzi wetu hawana subira.