Kilo haigeuki lita: tusiwaache wanaonunua kwa kopo wapate hasara



Kuna swali linalorudi mara nyingi kwenye simu za wasikilizaji: "Baba wa radio, kilo moja ni lita ngapi?" Nikijibu kwamba inategemea unapima kitu gani, wengine wanadhani ninakimbia swali. Leo nalijibu kwa maandishi, kwa sababu swali hili linahusu chakula cha nyumba na afya ya watoto.

Tuanze na yale yanayogeuka. Kilo 1 ni gramu 1000, siku zote. Lita 1 ni mililita 1000. Kilometa 1 ni meta 1000. Hapo hakuna ubishi, kwa sababu tunabaki ndani ya jambo lile lile: uzito kwa uzito, ujazo kwa ujazo, urefu kwa urefu.

Lakini kilo inapima uzito, na lita inapima nafasi ambayo kitu kinajaza. Hayo ni mambo mawili. Kuuliza kilo ni lita ngapi bila kutaja kitu ni kama kuuliza mwendo wa kutoka Likasi mpaka Lubumbashi ni saa ngapi bila kusema unaenda kwa miguu au kwa gari.

Kwa nini basi watu wengi wanaamini kwamba kilo na lita ni sawa? Kosa lilitoka kwenye maji. Wafaransa walipoweka vipimo hivi mwaka 1795, walichukua maji kuwa msingi wa uzito. Ndiyo maana lita 1 ya maji ina karibu kilo 1, na bidoni ya maji ya lita 20 inakulemea kichwani kilo 20, bila kuhesabu bidoni yenyewe. Hiyo ni kweli kwa maji. Ukitoka kwenye maji, hesabu inabadilika.

Chukua mafuta ya kupikia. Ni mepesi kuliko maji. Bidoni ile ile ya lita 20 ikijaa mafuta ina karibu kilo 18. Mtu akikuuzia "kilo 20 za mafuta" kisha akakupa bidoni ya lita 20, umepoteza karibu kilo 2, na pengine hata yeye mwenyewe hajui.

Unga wa mahindi ni mwepesi zaidi. Kilo 1 ya unga ambao haukushindiliwa haienei katika chombo cha lita 1. Tena unga una tabia yake: ukitikisa kopo au ukiligonga mezani, unashuka na kuacha nafasi juu. Kopo lile lile, unga ule ule, lakini uzito mbili. Mama anayepika bukari ya watoto sita analiona tofauti hilo jioni, sufuria inapokwisha mapema.

Hapa ndipo ndugu zetu waliohama wanapoumia zaidi. Aliyetoka Bukavu amezoea Guigoz, lile kopo la maziwa ya mtoto lililogeuka kipimo cha soko. Aliyetoka Kasai amezoea meka. Akifika Likasi anakuta kopo lingine, na anauliza bei bila kujua ndani mna gramu ngapi. Hawezi kulinganisha na bei ya kwao, wala bei ya Kikula na ya Panda, kama vyombo si sawa. Silaumu wauzaji wote. Kopo linamsaidia mwenye makuta kidogo, asiyeweza kununua mfuko mzima. Ninacholaumu ni kopo lisilojulikana uzito wake.

Kreseri wetu wanaelewa jambo hili kuliko mtu yeyote. Kilo 100 za mawe si kilo 100 za shaba. Kama shaba ni 5 kwa 100, mna kilo 5 tu za shaba. Na mawe yakiwa na maji, balanse inapima maji pia. Kreseri hakubali kulipwa kabla ya kujua ndani ya jiwe mna nini. Basi kwa nini nyumbani tukubali kopo bila kuuliza?

Hatari kubwa kuliko zote iko kwenye dawa. Miligramu ni uzito wa dawa yenyewe. Mililita ni kiasi cha siro unachomimina. Haziwezi kugeuzwa mpaka usome chupa. Siro ya paracetamol ya mtoto inaweza kuwa na miligramu 120 katika mililita 5, na chupa nyingine yenye jina lile lile ikawa na miligramu 250 katika mililita 5. Ukimimina mililita 5 za kila moja, wa pili amepewa zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo mama, jirani asikuambie "mpe kijiko kama nilivyompa wangu". Peleka chupa yako kwa muuguzi, muulize mililita ngapi kwa chupa hii na kwa uzito wa mtoto huyu, na utumie kipimo kilichokuja na dawa. Vijiko vya jikoni havilingani.

Maoni yangu ni haya. Kila soko la mji wetu liwe na balanse moja ya wote, ambapo mnunuzi anaweza kupima bila kulipa. Kila muuzaji aandike kwenye kopo lake: unga, gramu kadhaa, maharagwe, gramu kadhaa. Hesabu hizo mbili hazitakuwa sawa, na hilo ni la kawaida. Na wanaogawia famiyi zilizohama chakula, wasome kilo mbele ya watu, wasiseme makopo tu.

Hayo hayahitaji makuta mengi. Balanse moja na kalamu vinatosha kuanza. Mpaka hapo, ukiulizwa kilo ni lita ngapi, nawe uliza kwanza: ya nini?

Tusikilizane tena hewani.