Baiskeli ya Mbwajumali Isichaguliwe Dubai

Mwana wa kaka yangu anafanya kazi Dubai. Mwezi uliopita aliniletea picha ya baiskeli katika simu, na chini yake akaandika: "Ami, hii ndiyo ninayotaka kumletea Baba. Ni ya titani, haishiki kutu kamwe, na raha yake ni kama mtu aliyekaa kochini." Niliitazama sana picha ile. Baiskeli ni nzuri, sisemi uongo. Rangi yake ni ya fedha iliyopoa, usukani wake umepinda chini kama pembe za kondoo dume, na matairi yake ni membamba kuliko kidole gumba changu. Baiskeli za namna hiyo aghalabu bei yake huzidi dola 2,000, na kijana wetu si tajiri. Akiba hiyo ameila njaa.

Sikumjibu siku ile. Namjibu leo hapa gazetini, kwa sababu sidhani kwamba ni yeye peke yake mwenye kuhitaji jibu hili.

Baba yake ni maalim wa chuo. Amekwisha kuvuka miaka sitini, na mgongo unamsumbua. Kila siku hutoka kwake Mbwajumali juu ya baiskeli ya chuma yenye umri mkubwa kuliko huyo mwanawe, akaenda Tchundwa kusomesha, na jioni akarudi. Mwaka jana gurudumu la mbele lilizama mchangani, yeye akapita juu ya usukani na kuangukia mkono. Miezi miwili hakuweza kushika hata kalamu, na watoto wa chuo wakakaa bila ya mwalimu. Tangu hapo kijana hana raha huko aliko. Kwa hiyo nia yake ni njema, na mimi siigombi nia. Ninagombana na baiskeli.

Asiyeijua Pate na ajue kwamba njia zetu si barabara za lami. Ukitoka mjini kwetu hupita kwanza kwenye udongo mgumu baina ya kuta, na hapo hata mtoto huendesha akiimba. Kisha huja mchanga, ambao wakati wa kaskazi hukauka ukawa kama unga. Ukiuvuka mchanga, hukutana na mawe ya matumbawe yaliyochomoza kama meno, halafu mizizi ya minazi. Masika ikinyesha, pale palipokuwa na vumbi huwa tope. Na tangu pikipiki za bodaboda zilipozidi kisiwani, zimechimba mifuo miwili mirefu ambayo gurudumu likiingia halitoki kwa hiari.

Sasa, katika njia kama hii mtu hupata wapi raha juu ya baiskeli? Wauzaji watamwambia ni katika fremu. Mimi nasema ni katika upepo. Zamani, katika miaka ya 1860, magurudumu ya baiskeli yalikuwa ya mbao yaliyovikwa pete ya chuma, na Waingereza wenyewe waliiita kitikisa mifupa. Mwaka 1888 daktari wa mifugo mmoja wa Belfast, John Boyd Dunlop, ndiye aliyepata hati ya tairi la upepo, baada ya kumfungia mwanawe mdogo mipira yenye hewa katika kibaiskeli chake cha magurudumu matatu. Fremu haikubadilishwa. Kilichobadilika ni kile kinachogusa ardhi.

Tairi jembamba kama lile la pichani, la milimita 25 hivi, hutaka upepo mwingi, yapata paundi 90 kwa inchi ya mraba, na likijazwa hivyo huwa gumu kama ubao. Jiwe likiligonga, jiwe hilo limekugonga wewe uti wa mgongo. Mchangani nalo hukata kama kisu. Tairi la milimita 50 hutosheka na paundi 30 au zaidi kidogo. Hulalia jiwe likalimeza, na mchangani hutanda kama unyayo wa ngamia. Baiskeli ya sasa ya kaka yangu, ile iliyomwangusha, ina matairi ya inchi 28 kwa moja na nusu, yaani karibu milimita 40. Ikiwa hayo yalizama, ya 25 yatafanya nini?

Wazee wetu waliijua siri hii bila ya kuisoma. Mtepe, chombo kilichoundwa katika visiwa hivi hivi, haukupigwa misumari, ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Ulipopigwa na wimbi au ulipopandishwa pwani ulilegea kidogo kwenye mishono, ukakubali, kisha ukarudi. Ulaini wake haukuwa katika ubao. Na fremu ya baiskeli, iwe ya chuma au ya titani, ni pembetatu mbili zilizoungana, na pembetatu hainyumbuki sana ukiisukuma kutoka juu. Hayo mengi yanayosemwa juu ya ulaini wa titani hufunikwa na milimita kumi tu za tairi.

Lakini nisiionee titani. Uzito wake ni kama sita kwa kumi ya uzito wa chuma, na katika hewa ya chumvi haishiki kutu. Sisi tunaokaa baina ya kusi na kaskazi tunajua chuma hufanywa nini na bahari. Tena si mgeni kwetu. Mchanga wenye madini yake ulichimbwa Kwale na kupakiwa melini huko Likoni tangu mwaka 2014, hata machimbo yakafungwa Desemba 2024. Duniani sehemu kubwa ya mchanga wa namna hiyo haiwi baiskeli wala ndege, huishia kuwa rangi nyeupe ya kupaka kuta. Labda sebule fulani ya Dubai imepakwa mchanga wa Kwale. Hayo tuyaache.

Shida ni kwamba baiskeli si fremu peke yake. Mnyororo wake ni wa chuma, gololi ni za chuma, waya za breki na za gia ni za chuma. Chumvi ya Mbwajumali haitauliza bei ya fremu, itaanza na hizo. Na siku fremu ikipasuka, nani wa kuiunga? Titani ikipata moto huvuta hewa ikawa kama kigae, kwa hiyo huungwa chini ya gesi ya arigoni, nje ya bomba na ndani yake pia. Fundi wetu ana spana, nyundo, soleshen na subira. Fremu ya chuma huungwa na yeyote mwenye mashine ya kuchomelea milango.

Kuna na suala la kanzu, ambalo wenye kuunda baiskeli za mashindano hawakuliwaza, wala siwalaumu. Baiskeli ile haina kifuniko cha mnyororo, haina madgadi, haina keria. Maalim atafunga wapi misahafu? Kanzu yake itashikwa na mnyororo siku ya kwanza. Na usukani ule humwinamisha mtu hata akawa kama amerukuu, naye ni mgonjwa wa mgongo! Baiskeli kubwa nyeusi za Kiingereza, tunazozicheka leo, zilikuwa na vifuniko vya mnyororo, na mtu alikaa juu yake wima kama barazani. Nilimwambia kaka yangu kwamba iliyo bora kwake ni ile yenye bomba la chini, apande bila ya kurusha mguu. Akasema hiyo ni ya kike. Nikamwambia Uholanzi wazee wanaume huzipanda wala ndevu zao hazijaanguka. Hakucheka.

Neno langu hasa ni hili. Vijana wetu walioko ng'ambo hutuchagulia vitu kwa macho ya huko. Huyu wetu ameziona baiskeli hizi zikipita kama upepo katika njia ya lami ya Al Qudra, na kwa lami ile ni sawa kabisa. Sisi nasi hatusemi kweli. Kitu kikifika tunashukuru, tunakisifu, tunakitia chumbani chini ya shuka, na mwenye kuleta anadhani kinatumika. Katika Sura ya An-Nahl wametajwa farasi, nyumbu na punda, kwamba ni wa kupandwa na ni pambo pia, kwa hiyo sisemi pambo ni kosa. Lakini kijana aliyejinyima ili baba yake asianguke tena hakukusudia pambo. Kunyamaza kwetu, tukidhani ni adabu, ni kumdhulumu.

Mwanangu, ukiwa umeng'ang'ania titani, basi iwe yenye nafasi ya tairi la milimita 50, usukani wa kukaa wima, na matundu ya kufungia madgadi na keria. Mimi ningenunua ya chuma, yenye hayo yote, na minyororo miwili ya akiba, na matairi manne, na fedha zitakazobaki ungempa daktari aliyesoma amtazame mgongo.

Nilimsomea haya kwa simu kabla ya kuyaleta gazetini. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza urefu wa mguu wa baba yake kutoka chini hata kwenye nyonga, kwa kuwa baiskeli huuzwa kwa vipimo. Jana tulimsimamisha Maalim kwenye ukuta wa chuo, watoto wakiangalia, nikatia alama ya mkaa. Ni sentimita 79. Bomba la chini amelikubali, kwa sharti kwamba baiskeli iwe nyeusi.