Waraka kwa waandishi wa mashinani: nani anaulizwa sababu?



Katika kikao kilichopita lawama zote ziliwaangukia wenye vyombo vya habari. Sibishani nazo. Standard imekuwa mikononi mwa familia ya Moi kwa miaka mingi, Mediamax inahusishwa na familia ya Kenyatta, na serikali, ambayo ni mteja mkubwa wa matangazo, huchelewesha malipo hadi vyumba vya habari vinaanza kupunguza watu. Wala hatujasahau Januari 30, 2018, Citizen, NTV na KTN zilipozimwa siku Raila Odinga alipojiapisha Uhuru Park. Nguvu hizo zipo na zinauma.

Hata hivyo, hakuna mwenye kampuni anayempigia simu mwandishi wa mashinani kumwelekeza amhoji nani kando ya Mto Mathare, Nairobi. Hilo tunaliamua wenyewe.

Rudieni habari za mafuriko ya 2024. Mvua ya Aprili ilibomoa nyumba katika mitaa ya mabanda ya Mathare na Mukuru, serikali ikaamuru watu waondoke ndani ya mita 30 kutoka mtoni, matingatinga yakafuata, na Mei Rais Ruto akaahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyohamishwa. Ni nani alisema nini katika habari hizo? Mama analia kwa sababu godoro na sare za watoto zimesombwa. Kijana anaonyesha alama ya maji ukutani. Kisha wanaingia kamishna, waziri na mtaalamu wa mipango ya miji, na hao ndio wanaotueleza kwa nini. Mama hakuulizwa kwa nini. Ameishi kando ya mto huo miaka yote, anajua uchafu unaziba wapi na ni ukuta wa nani uliosukuma maji upande wake, lakini sisi tulimwendea kutafuta machozi tu.

Stuart Hall na wenzake kule Birmingham waliliandika jambo hili mwaka 1978, walipochunguza jinsi magazeti ya Uingereza yalivyoripoti uporaji wa mitaani. Hawakukuta njama. Walikuta waandishi wenye haraka, wanaohitaji chanzo cha kuaminika kabla ya gazeti kwenda mtamboni, na chanzo hicho kila mara kikawa polisi, hakimu au waziri. Aliyetangulia kusema ndiye aliyeliweka swali. Waliofuata walibaki kulijibu. Kwetu swali liliwekwa hivi: watu hawa watatoka lini ukingoni? Baada ya hapo hata mtetezi wao alijikuta akijadili tarehe.

Jambo linalonisumbua zaidi ni neno letu la mkato, "wakazi". Mathare si tabaka moja. Wengi pale ni wapangaji, na wenye mabanda wengi hawaishi huko. Hutuma mtu kukusanya kodi. Kuna anayeuza maji kwa mtungi wa lita 20, na bei yake kwa lita inapita kwa mbali ile anayolipa mwenye bomba nyumbani kwake ng'ambo ya barabara ya Thika, pale Muthaiga. Tingatinga likibomoa, mpangaji hupoteza kitanda na mwenye banda hupoteza mapato. Fidia ikija, mabishano huwa kati ya hao wawili. Mwandishi anayewaita wote "wakazi wenye hasira" amemsaidia mwenye banda kujificha nyuma ya mpangaji wake, na hakuhitaji kupewa hongo kufanya hivyo.

Nimetaja hongo, basi niseme kidogo kuhusu nauli. Tunalipwa kwa habari iliyochapishwa, na anayetuita kwenye hafla hutupa cha usafiri. Mpangaji wa Mukuru hawezi kutupa kitu. Mwenye uwezo wa kutulipia safari ndiye tunayemfikia mapema, hata kama hatujaandika neno moja la kumpendeza. Kukataza bahasha hizo za nauli bila kudai malipo bora ni unafiki, na sitawaomba hilo. Ninachotaka ni tupeleke ofisi za wahariri dai moja la pamoja: gharama ya safari ya pili. Safari ya kwanza hutupa picha tu. Tukirudi wiki mbili baadaye ndipo tunajua nani alipata zile 10,000 na nani hakuona jina lake kwenye orodha ya chifu.

Wakati tukilisubiri jibu, kuna yaliyo mikononi mwetu. Mpangaji aulizwe kwanza, kabla ya kamishna, na aulizwe sababu. Kisha kamishna ajibu maelezo ya mpangaji. Mpangaji atajwe kwa jina kamili na kazi yake, kama tunavyomtaja mbunge, ila pale jina litakapomletea hatari. Akitaja kiasi cha kodi au jina la anayeikusanya, tuhakikishe kama tunavyohakikisha, au tunavyopaswa kuhakikisha, tarakimu za wizara. Wahariri wengine watakata aya hizo na kuacha kilio. Hifadhini nakala mlizotuma.

Kikao kijacho kila mmoja aje na habari zake tatu za karibuni, nakala aliyotuma na iliyochapishwa, akiwa amepigia mstari kila aliyenukuliwa akieleza sababu. Tutazisoma kwa sauti, tukianza na zangu.

Katibu wenu