Kozi ni ya bure, kujifunza si bure

Vijana wenzetu wa Lubumbashi, na nyinyi wa Likasi, Kolwezi, Goma, Bukavu na Kisangani munaotusoma,

Kila mara kuna mtu anatuandikia: "Nataka kujua kutengeneza programu za simu, nianzie wapi?" Na kila mara kuna mkubwa anayesimama mbele ya kamera na kusema vijana waache kulalamika juu ya kazi, kwa sababu siku hizi masomo yote yako kwenye intaneti, tena bure. Leo tunawajibu wote wawili.

Kwanza wewe unayeuliza. Ndiyo, inawezekana. Sisi tulichukua kozi ya Google inayoitwa Android Basics with Compose. Ni ya watu wasiojua kitu, hailipishwi, na inafundisha Kotlin, lugha ambayo Google inaitanguliza kwa programu za Android tangu 2019. Masomo ya mwanzo hayadai mashini. Unaandika mistari michache ndani ya ukurasa wa intaneti, unabonyeza, jibu linatokea. Hata kwa simu unaweza kujaribu.

Jioni ya kwanza tuliandika mistari 3 tu, ya kusema "Jambo Lubumbashi". Ikakataa. Tukahangaika karibu nusu saa, kumbe tulisahau kufunga mabano. Hapo njo tulielewa kitu: mashini haijui mkubwa. Mtoto wa waziri akisahau mabano, inamkataa. Mtoto wa mchimbaji akiyafunga, inamkubali. Katika inchi ambamo kila mlango unakuuliza "unajua nani humu ndani?", hilo si jambo dogo.

Mbele kidogo kozi inakufundisha kutengeneza programu ya kuhesabu pesa ya kumuachia mhudumu wa mgahawa. Unaweka bei ya chakula, unaweka asilimia, jibu linatoka. Tulicheka sana. Nani kati yetu anakula mahali ambapo mhudumu anaachiwa asilimia 15? Lakini tulifuata somo mpaka mwisho, halafu tukaligeuza. Pa bei ya chakula tukaweka dola. Pa asilimia tukaweka bei ya dola ya siku ile kwa kambisti. Jibu likatoka kwa franka. Hatukuiweka kwenye duka la Google, maana kujiandikisha kule ni dola 25. Tuliituma kwa Bluetooth tu, simu kwa simu. Mama mmoja anayeuza makala hapa komini ya Kenya anaitumia kila siku. Juzi alituambia: "Sasa munifanyie na ya likelemba, nijue nani ametoa na nani hajatoa." Hakuna kozi iliyotupa zoezi hilo. Limetoka sokoni kwetu, na ndilo tunalofanya sasa.

Lakini hatutakudanganya. Tulianza watu 12, tumebaki 5. Wale 7 hawakushindwa na akili. Ukimaliza masomo ya mwanzo unahitaji Android Studio, na hiyo inadai mashini yenye RAM ya gigabaiti 8 kwa uchache. Kuipakua peke yake kunakula zaidi ya gigabaiti 1, na ukiifungua inaomba nyingine tena. Mwenzetu mmoja mega zake ziliisha kabla faili halijafika nusu, na hakuwa na pesa ya kuanza upya. Mwingine, kila akifika jioni kwenye somo, delestaji inapita mtaani kwake. Dada mmoja, aliyekuwa mbele yetu sote, aliacha kwa sababu tulikutana saa moja ya usiku na nyumbani walikataa arudi gizani. Hilo lilikuwa kosa letu wenyewe. Sasa tunakutana saa nane za mchana.

Na sasa wewe mkubwa wa kamera. Unasema ni bure. Kozi ni ya bure, kweli. Kujifunza si bure. Wengi wetu tulisoma kompyuta ubaoni: mwalimu alichora kibodi kwa chaki, tukainakili ndani ya daftari, tukapata pointi, na hatukugusa mashini hata moja. Serikali ilikuwa na mpango wa taifa wa dijitali, ikaupa jina Horizon 2025. 2025 imepita. Mwaka 2023 ilitoa sheria nzima ya mambo ya dijitali. Sheria iko. Chumba chenye umeme na mashini kumi katika komini yetu, bado tunakitafuta.

Tena tuko na kumbukumbu. Tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa inchi nzima, ikarudi karibu wiki 3 baadaye. Aliyekuwa katikati ya somo alibaki hapo hapo. Mwaka 2020 wakatuletea kodi ya RAM, hadi dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G na 4G, ikikatwa kimyakimya ndani ya uniti zetu. Raia walipiga kelele mpaka ikafutwa 2022. Sisi tulikuwa tunatafuta RAM ya kuendesha mashini, wao wakatupa RAM ya kumaliza mfuko!

Kila siku malori ya shaba na kobalti yanatoka Kolwezi, yanapita kwetu kwenda mpaka wa Kasumbalesa. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka inchi hii, na mingi inaishia ndani ya betri. Sisi tunaikuta tena katika simu zilizochakaa, tunazozinunua za mkono wa pili. Kijana anayekaa kando ya barabara ile hapaswi kushindwa na somo kwa sababu ya gigabaiti 1.

Ndiyo maana tunakataa kozi ya bure igeuzwe kuwa Artikle 15 mpya: "Masomo yako kule, mujipange." Kujipanga tunajua, hakuna wa kutufundisha. Lakini kujipanga kwa raia hakumfutii mwenye madaraka deni lake.

Basi tunadai mambo mawili tu, ambayo mtu anaweza kuyahesabu: kila komini iwe na chumba kimoja cha wazi chenye umeme, intaneti na mashini, na hakuna shule kufundisha tena kompyuta kwa chaki. Tutakuja kuuliza, na tutarudi kuuliza.

Tukisubiri hayo, tunafanya hivi, na wewe unaweza kuiga. Msianze mmoja mmoja, anzeni watu 4 au 5. Mmoja apakue Android Studio, wengine wanakili kwa fleshi. Programu ya kujaribu iende moja kwa moja kwenye simu kwa kebo, kuliko kuchosha mashini kwa simu ya kuigiza. Ingia kwenye mipangilio, tafuta "Numéro de build", gusa mara 7, na mlango unafunguka. Anayeijua lugha ya kozi asome, na mwingine aeleze kwa Kiswahili. Asiyeweza kueleza kwa Kiswahili hajaelewa bado, arudie. Na msingoje cheti kiwape kazi. Tafuteni mtu mmoja mtaani mwenye hesabu inayomsumbua.

Ni salongo kama salongo nyingine: hakuna anayefagia barabara nzima peke yake. Jumamosi saa nane, mwenye mashini aje nayo, mwenye mega aje nazo, asiye na kitu aje na swali lake.