Cheti cha mganga ni sehemu ya mtaji

Biashara ya dawa za miti shamba mjini Tabora haidai mtaji mkubwa: meza, mizani, magunia machache ya magome na mizizi. Ndiyo maana wengi huianza bila kuitazama sheria, na hapo ndipo fedha hupotea.

Enzi za misafara ya pembe kati ya pwani, Tabora na Ujiji, mganga alijulikana kwa jina na kwa kijiji chake. Leo mnunuzi wa Dar es Salaam anayepokea gunia lililoshushwa kwenye gari moshi hamjui aliyechimba. Anachoweza kukiamini ni cheti.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 ndiyo iliyoanzisha Baraza la kusajili waganga. Wafanyabiashara waliidharau. Kisha Januari 2015 Serikali ikawapiga marufuku wapiga ramli kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, na ilipofika Machi waganga zaidi ya 200 wasio na leseni walikuwa wamekamatwa nchini. Aliyekwisha kumlipa mmoja wao malipo ya awali, amdai nani?

Lawama si ya mfanyabiashara peke yake. Mzee wa Sikonge anayeijua mizizi kuliko wauzaji wote wa mjini hatafunga safari mara tatu kufuatilia karatasi. Usajili umfuate huko aliko, la sivyo soko litabaki kwa wajanja.

Kwa sasa, mwenye kununua aombe cheti kwanza, anakili namba yake, ndipo afungue pochi.