Kumkalisha Mzee Si Kumheshimu

Imekaa katika nyoyo za watu wetu, wa bara na wa pwani, waliosoma na wasiosoma, dhana moja ambayo kwa kuwa imevaa joho la adabu haijapata kuulizwa asili yake wala kudaiwa ushahidi: nayo ni kwamba mtu akishafika uzeeni, haki yake ya kwanza juu ya wanawe ni kupumzishwa, na kwamba mtoto mwema ni yule ambaye mama yake hashiki jembe, hateki maji, hapiki, haendi sokoni, hatoki nje ila kwa kusindikizwa, na hatimaye hainuki kitini ila kwa kuinuliwa. Dhana hii ina pacha wake, asemwaye zaidi mlangoni pa tabibu kuliko nyumbani, kwamba kukonda, kuchoka, kupungukiwa na nguvu za mkono na kwenda kwa kujikokota ni uzee tu, na uzee hauna dawa. Nazipinga zote mbili, na ya kwanza naipinga kwa ghera zaidi, maana ndiyo inayompeleka mzee kwenye ile ya pili.

Tazama jinsi jambo linavyokwenda. Mwanamke wa Rombo, au wa Muheza, au wa Makunduchi, aliyezoea kuamka alfajiri, kuchota maji, kupalilia migomba au mihogo yake, kupeleka mboga gulioni, kuhudhuria mazishi na harusi za mtaa wake, hufuatwa na mwanawe afanyaye kazi Dar es Salaam, akaambiwa, "Mama, umeteseka vya kutosha, njoo upumzike." Maneno hayo yana mapenzi ndani yake na sitayabeza. Lakini huko apelekwako, aghalabu, ni nyumba iliyozungushiwa ukuta na kufungwa geti, au ghorofa ya tatu isiyo na lifti, ambako mtoto na mkewe hutoka kabla ya jua na kurejea usiku, wajukuu wako shuleni, na msichana wa kazi amekwisha kukanywa asimwachie bibi hata ufagio. Hupewa kiti kizuri mbele ya televisheni. Hamjui jirani, wala jirani hamjui yeye. Miezi haiwi mingi, mapaja yamenywea, ngazi zinamtisha, chakula hakimpendezi, na usingizi wa mchana umemharibia wa usiku. Ndipo wanawe huambizana kwa huzuni kwamba mama sasa kazeeka. Hapana asemaye kwamba tumemzeesha.

Ilimu ya utabibu imekwisha kulifafanua jambo hili. Mwaka 2001 tabibu wa Marekani, Linda Fried, na wenzake, waliowachunguza watu zaidi ya 5,000 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea, waliueleza unyonge wa uzeeni kwa dalili tano: kupungua uzito pasipo kukusudia, uchovu usiokwisha, mkono kukosa nguvu ya kushika, mwendo kuwa wa polepole, na mwili kukosa shughuli, mwenye tatu au zaidi akahesabiwa kuwa mnyonge, na mwenye moja au mbili kuwa yuko njiani. Waliokutwa wanyonge kamili walikuwa karibu 7 katika kila 100. Kweli hesabu hiyo hupanda kadiri miaka izidivyo, na wengi katika waliosalia walikuwa na dalili moja au mbili. Lakini wale 93 nao walikuwa wazee, na kama unyonge ungekuwa ndio uzee wenyewe, wasingeweza kuukosa. Tena ukizitazama dalili hizo utaona kwamba ya mwisho haifanani na nyingine, kwani ndiyo tumfanyiayo mzee kwa mikono yetu wenyewe, nayo huzaa zilizobaki: mwili usiotumika hupoteza nyama, asiye na nyama huchoka upesi, aliyechoka hana hamu ya chakula, na asiyekula huzidi kunywea.

Asiyeamini kwamba mapumziko yaweza kudhuru na atazame yaliyofanyika Dallas, Marekani, mwaka 1966. Vijana watano wenye siha, wa miaka 20 hivi, walilazwa kitandani wiki tatu, kisha wakapimwa uwezo wao wa kufanya kazi ngumu. Miaka 30 baadaye wakapimwa tena, na ikabainika kwamba zile wiki tatu za kulala ziliwapunguzia uwezo huo zaidi kuliko walivyopunguziwa na miaka 30 ya kuishi. Ikiwa kijana hufanywa hivyo na wiki tatu, ajuza wa miaka 78 atafanywaje na mwaka mzima wa kiti? Mwaka 2007 zikatangazwa habari za wazee wenye afya njema waliokubali kulala kitandani siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguuni. Kinyume chake nacho kimethibiti. Tabibu Maria Fiatarone, mjini Boston, aliwachukua wakazi kumi wa nyumba ya wazee, wenye umri wa kati ya miaka 86 na 96, akawafanyisha mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu wiki nane. Mmoja hakumaliza, na waliosalia nguvu za mapaja yao zikaongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Hayo yalichapishwa mwaka 1990, na miaka yote hii bado twaambiana kwamba nguvu za mzee zikienda hazirudi.

Lakini katika yote niliyoyasoma mintarafu ya jambo hili, hapana lililonigusa kuliko kazi ya daktari Marjory Warren. Mwaka 1935 hospitali ya West Middlesex, magharibi ya London, ilikabidhiwa jengo la jirani lililokuwa la mafukara, lenye wagonjwa wapatao 700, wengi wao wazee waliokwisha kuandikwa kuwa hawatibiki, na daktari huyo ndiye aliyepewa kuwaangalia. Alikuta watu waliolazwa muda mrefu, wengine si kwa sababu maradhi yao yaliwataka walale, bali kwa sababu hapana aliyewaambia wainuke. Viungo vimekakamaa, ngozi zina vidonda, na akili zimefifia kwa kukosa wa kusema naye. Akamchunguza kila mmoja kana kwamba ndiyo kwanza aingie hospitali. Akawapanga kwa mahitaji yao. Akataka kuta zipakwe rangi, taa ziongezwe, vishikizo viwekwe, na kila awezaye atolewe kitandani afundishwe upya kusimama na kwenda. Si wachache katika hao waliodhaniwa kuwa wamekuja kufa waliorudi makwao. Alipoyaandika hayo, mwaka 1943 na tena 1946, aliusaidia utabibu wa wazee kuwa ilimu inayojisimamia, naye wakati anaianza kazi hiyo hakuwa na dawa mpya hata moja mkononi.

Wahenga wetu hawakuwa na vyumba vya mazoezi, ila siku yao ilijaa mwendo. Mwislamu atimizaye sala tano huwa amesimama, amerukuu na kusujudu katika rakaa 17 za faradhi, maana yake amelitua paji la uso chini mara 34 na kujiinua tena, kabla hajahesabu suna. Huko kuketi na kuinuka ndiko matabibu wa leo wanakowaandikia wazee wao kama dawa. Sheria imempa asiyeweza ruhusa ya kusali ameketi, na ruhusa hiyo ni rehema ambayo sithubutu kuigusa. Ninacholaumu ni haraka ya wana, ambao goti likimuuma baba yao siku mbili humpelekea kiti msikitini, wala hawarudi kukiondoa goti likipona. Na mzee wa Kichaga apandaye kilima kila Jumapili kwenda kanisani kwa miguu, naye twamkodishia pikipiki, tukidhani tumemfaa.

Wala mwili peke yake si mtu. Mwaka 2010 mtafiti Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya chunguzi 148 zilizohusu watu zaidi ya 300,000, wakaona kwamba wenye mafungamano mema na wenzao walikuwa na nafasi ya kubaki hai iliyozidi kwa nusu ile ya wasio nayo, tofauti waliyoilinganisha na faida ya kuacha sigara. Basi amtoaye baba yake barazani, kwenye bao na kahawa na mabishano ya siasa, akamweka pekee katika chumba chenye kiyoyozi, amemwondolea kinga ambayo hataipata dukani. Tena twajigamba kwamba penye wazee haliharibiki neno, kisha shamba lauzwa, mjukuu aozwa, na ndugu wapatanishwa pasipo mzee kuulizwa, kwa hoja kwamba hatutaki kumsumbua! Mtafiti Becca Levy alionyesha mwaka 2002, kutokana na watu 660 wa mji mmoja wa Ohio waliokuwa wameulizwa rai zao juu ya uzee wao wenyewe, kwamba waliouona kwa jicho jema waliishi miaka saba na nusu zaidi ya waliouona kwa jicho baya. Ni nani ampaye mzee rai hiyo mbaya kama si sisi, tumwambiao kila siku kwamba hawezi, aache, akae? Na daktari naye, asemaye ni uzee tu kabla hajampima damu, hajamtazama kinywa na macho, hajauliza habari za kikohozi, za majonzi ya kufiwa na za wingi wa vidonge amezavyo, huutia muhuri uvivu wetu.

Chakula nacho kimeingia katika adabu hii mbovu. Mzee hupewa uji, chai na mkate, kwa kuwa meno hana na tumbo, wasema, halitaki vizito. Nyama na samaki huachiwa watoto wanaokua. Kumbe wataalamu wa lishe, katika nasaha zao za mwaka 2013, walitaka mzee apate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kila siku, zaidi ya gramu 0.8 iliyozoeleka kutajwa kwa watu wazima wote. Dagaa waliosagwa, yai, maziwa, kunde zilizopondwa: hapana kimoja kihitajicho meno.

Sipendi nidhaniwe kuwa nataka wazee wetu watumikishwe. Wamo vijijini mabibi waleao wajukuu walioachwa na UKIMWI, walimao kwa kuwa wasipolima hawali, wabebao kuni kwa mgongo uliokwisha kupinda. Hao huwadhoofisha mzigo, si kiti, nao wastahiki kutuliwa leo. Ndiyo maana naiona Pensheni Jamii ya Zanzibar, iliyoanza Aprili 2016 kwa kumpa kila aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, na kuongezwa baadaye, na ule mpango wa Inua Jamii wa Kenya, ulioanza kuwapa wa umri huo shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi mwaka 2018, kuwa ni heshima kubwa kuliko viti vyote vya sebuleni; kwa kuwa fedha hizo, ingawa haba, humwachia mzee mwenyewe hiari ya kuchagua kazi ya kuacha na kazi ya kushika. Kumpumzisha mtu na dhiki ni wema. Kumpumzisha na maisha yake, ilhali hajaomba, ni kumdhulumu, hata akifanyiwa na mwana ampendaye.

Naijua hoja itakayoletwa juu yangu, nayo ni nzito: ataanguka. Kuvunjika nyonga ni msiba, na wengi wapatwao na hayo hawaurudii mwendo wao wa kwanza. Lakini aangukaye upesi ni yule ambaye mapaja yake yamekwisha kusahau kazi, na kumkalisha kwa hofu ya anguko ni kuliandaa. Mjini Dunedin, New Zealand, wanawake wa miaka 80 na zaidi walifundishwa nyumbani kwao mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara, pamoja na kutembea, na ikatangazwa mwaka 1997 kwamba walianguka mara chache kuliko wenzao wasiofundishwa. Majaribio ya namna hiyo yalipojumlishwa, maanguko yalikuwa yamepungua kwa asilimia 35. Basi aogopaye anguko na aanze na nyumba yake, asianze na mama yake. Amrudishie kisu cha jikoni na kitalu cha mchicha. Mjukuu amfuate nyuma aendapo sokoni, asimshike mkono ila akiombwa. Aweke taa katika njia ya chooni na kishikizo cha chuma ukutani, aondoe busati linaloteleza, asawazishe kizingiti, ampimishe macho, amwombe daktari avipitie upya vidonge vya usingizi na vya shinikizo la damu, na fedha iliyotengwa kununulia kiti cha magurudumu itumike kwanza kwa hayo.