Kitabu Hakina Maneno, Ayeeyo Anayo

Kila katoni la vitabu vya msaada linapofunguliwa hapa Kisenyi, tunaambiwa yaleyale: hivi havina maandishi, ni picha tupu, kwa hiyo kila mtoto ataelewa, awe Msomali, Mkongo au Mueritrea. Mkalimani hahitajiki tena. Mimi napinga. Sivipingi vitabu, navipenda mno. Napinga hiyo "kwa hiyo".

Chukueni kile kinachojulikana zaidi, The Lion & the Mouse cha Jerry Pinkney, Mmarekani Mweusi, kilichotoka 2009 na kupata Medali ya Caldecott 2010. Ni hekaya ya zamani ya Esopo: simba anamwachia panya, siku nyingine simba ananaswa, panya anatafuna kamba mpaka anamtoa. Pinkney aliileta Serengeti. Jalada la mbele ni uso wa simba tu, hata jina la kitabu halimo. Ndani ni milio ya wanyama, basi. Mtoto wa miaka minne akikifungua ananyamaza kwanza. Hata mimi, mtu mzima na watoto wangu, nilinyamaza.

Sasa sikilizeni. Jumamosi moja, kwenye kituo cha watoto karibu na mashine za kusaga mahindi, ayeeyo mmoja alikaa mkekani na kitabu hicho. Ni bibi wa Barawa, na Kiswahili chake ni Chimwini cha kwao. Watoto wetu wa Kivu hukicheka mwanzoni, halafu wanazoea. Akafika pale simba amemshika panya. Akasema, "Huyu ameshakula. Ndiyo maana ana huruma. Mngemwona asubuhi!" Watoto wakaangua kicheko.

Halafu akamwacha panya kabisa, akaingia hadithi ya kwao ya fungu la simba. Wanyama wamewinda ngamia. Fisi anaambiwa agawe nyama. Anatoa nusu kwa simba, nusu kwa wengine. Simba anampiga, jicho linatoka. Anaitwa mbweha agawe yeye. Anampa simba nyama yote. Simba anafurahi: nani amekufundisha kugawa vizuri hivi? Mbweha anajibu: jicho la fisi.

Hapo mfanyakazi wa shirika, kijana mzuri tu, akamkatiza. Kwa upole, sikatai. Eti bibi, hadithi siyo hiyo, somo la kitabu hiki ni wema. Akakichukua, akaanza kuwauliza watoto kwa Kiingereza wanaona nini. Simba, wakajibu kwa Kiingereza. Ukurasa mwingine. Panya, kwa Kiingereza. Wakaenda hivyo mpaka mwisho, kama wanasoma orodha ya soko. Ayeeyo akajitanda shungi lake akaondoka. Hajarudi.

Nauliza: jibu la mbweha utalichoraje? Chora jicho, sawa. Lakini utamu hauko kwenye jicho, uko kwenye mdomo wa mbweha anayeogopa huku anacheka. Picha inaonyesha kilichotokea. Kwa nini kimetokea, na nani alijifanya mjinga ili apone, hayo yanataka mtu wa kuyasema. Kitabu kisicho na maneno kinahitaji lugha nyingi zaidi, jamani, siyo chache.

Na hapo ndipo ukubwa wake ulipo. Mbele ya kitabu cha Kiingereza mama ambaye hakusoma anaona aibu kwa mtoto wake wa P1. Mbele ya hiki hakuna mbumbumbu. Halafu ninyi mnawaambia akina mama wasubiri nje ya geti!

Kuna wenzetu wanaosema tuletewe hadithi zilizoandikwa Kisomali na Kiswahili. Ziletwe, nani atakataa? Lakini darasa moja la Kisenyi lina lugha tano, na mkeka ni mmoja. Wale wa IBBY walipoanza mwaka 2012 kukusanya vitabu vya namna hii kutoka nchi nyingi kwa ajili ya Lampedusa, kisiwa cha Italia ambako watu wetu wanafika kwa mashua, walifikiria watoto wa kisiwani na watoto wanaofika, wakae juu ya kitabu kimoja. Wazo zuri sana. Ila wazo hilo linataka watu, siyo katoni.

Wafanyakazi wa mashirika, nawaheshimu, lakini bajeti zenu tunaziona. Kuna pesa ya bango, ya fulana, ya kupiga picha. Nauli ya boda ya bibi na chai yake, hakuna. Wekeni. Kisha kaeni chini na ninyi, msikilize, na msiulize somo ni nini. Ninyi mlioko Nakivale na Kyaka II, katoni likifika msingoje semina. Muiteni mzee aliye jirani.

Kitabu chetu sasa kimefungiwa kabatini, eti kisichafuke. Watoto bado wananiuliza kama mbweha alilala njaa siku ile. Nawaambia hadithi ina mwenyewe, anakaa ng'ambo ya barabara, na anayetakiwa kwenda kumwomba radhi siyo mimi.